Kununua Nyumba: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kutoa Fedha

Kwa mkulima au mfanyakazi wa kawaida, nyumba ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote atakavyonunua maishani. Fedha za kuinunua hazitoki mahali pamoja. Sehemu moja ni malipo ya mazao, sehemu nyingine ni akiba aliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka mingi, na aghalabu sehemu iliyobaki ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo uliodhaminiwa na wanachama wenzake. Kwa hiyo mwanachama anaponunua nyumba ambayo baadaye inagundulika kuwa na mwenyewe mwingine, au imejengwa mahali pasiporuhusiwa, hasara haimwangukii yeye peke yake. Familia yake hukosa makao, wadhamini wake hudaiwa, na chama hubaki na deni lisilolipika.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya makatibu wa vyama na wanachama wa Tanzania Bara. Hayamfanyi msomaji kuwa mwanasheria, wala hayaondoi haja ya kumwona wakili. Nia yake ni kumwezesha mwanachama kujua maswali ya kuuliza, mahali pa kuyauliza, na wakati wa kukataa.

1. NI KITU GANI HASA KINACHONUNULIWA?

Watu wengi husema "nimenunua nyumba" wakifikiri kwamba wamenunua kuta na paa. Kwa kweli nyumba haiwezi kutenganishwa na ardhi iliyo chini yake. Kwa sheria zetu ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Umiliki wa moja kwa moja usio na kikomo, ulioachwa na wakoloni, ulifutwa mwaka 1963. Tangu hapo mwananchi hupata haki ya kumiliki na kuitumia ardhi kwa masharti. Haki hiyo ndiyo inayouzwa na kununuliwa, pamoja na majengo na maendeleo mengine yaliyofanywa juu yake.

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zimeigawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Swali la kwanza la mnunuzi ni hili: nyumba hii iko katika fungu lipi? Katika ardhi ya jumla, hasa mijini, mwenye kiwanja kilichopimwa huwa na hati ya kumiliki ardhi ya muda maalumu, usiozidi miaka 99. Katika ardhi ya kijiji haki hutolewa kwa hati ya hakimiliki ya kimila, na msimamizi wake ni Halmashauri ya Kijiji. Ardhi ya hifadhi, kama vile misitu, mbuga na maeneo yaliyotengwa kwa barabara, si mahali pa mtu binafsi kuuza wala kununua makazi, hata kama nyumba imesimama hapo kwa miaka 30.

Mnunuzi wa kiwanja chenye hati na atazame miaka iliyobaki na masharti ya matumizi. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 inakaribia kwisha muda wake mwaka 2031. Haikosi thamani kwa sababu hiyo, lakini bei yake na hesabu za mnunuzi lazima zizingatie gharama na usumbufu wa kuomba muda mpya. Vilevile kiwanja kilichotolewa kwa ajili ya makazi hakiwezi kugeuzwa kuwa ghala au mashine ya kusaga bila kibali cha kubadili matumizi.

2. KUMJUA MUUZAJI NA MAMLAKA YAKE

Kuwa na funguo za nyumba si kuwa na mamlaka ya kuiuza. Mpangaji ana funguo, na mtoto wa marehemu ana funguo pia. Mnunuzi hana budi kuona uhusiano wa muuzaji na mali hiyo katika maandishi.

Kama nyumba ina hati, usiridhike na nakala ya mashine. Iombe hati yenyewe, linganisha jina lililomo na kitambulisho cha taifa cha muuzaji, kisha andika namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Chukua maelezo hayo hadi ofisi ya ardhi ya mkoa na uombe upekuzi rasmi katika daftari la Msajili wa Hati. Upekuzi hulipiwa ada, nayo ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya nyumba. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyeandikishwa, kama nyumba imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine au amri ya mahakama. Nyumba iliyo rehani inaweza kuuzwa, lakini kwa kumshirikisha aliyekopesha, ili deni lilipwe na rehani ifutwe. Ukinunua bila kujua, mwenye rehani atakuja kuidai nyumba ingawa wewe umekwisha kuilipia.

Iwapo mmiliki amefariki, hakuna mtu anayeweza kuiuza nyumba yake kwa sababu tu ni mtoto wa kwanza au kaka wa marehemu. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au msimamizi aliyetajwa katika wosia na kuthibitishwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni mwanzo wa safari ya kwenda mahakamani. Hautoshi kuwa idhini ya kuuza. Mnunuzi aione barua ya usimamizi, aende katika mahakama iliyoitoa kuuliza kama ni ya kweli na kama haijatenguliwa, kisha ahakikishe kwamba warithi wote watu wazima wamekubali kwa saini zao. Penye warithi watoto, tahadhari iwe kubwa zaidi, maana mtoto akikua anaweza kuhoji jinsi haki yake ilivyouzwa.

Mume na mke nao watazamwe kwa makini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwenzi mmoja kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Mauzo mengi yameingia mahakamani kwa sababu mnunuzi alikubali kauli ya "mke wangu yuko safarini" au "hayo niachie mimi". Jibu sahihi la kauli hizo ni kusubiri. Mwenzi wa muuzaji na aje mwenyewe, asomewe mkataba katika lugha anayoielewa, atie saini au dole gumba mbele ya wakili. Muuzaji akidai kwamba hana mwenzi, atoe kiapo cha maandishi. Na majirani waulizwe, kwa kuwa aghalabu wao wanajua.

Ikiwa muuzaji ni mwakilishi wa mtu aliye mbali, onyeshwe hati ya uwakilishi na usome kama inampa uwezo wa kuuza, au ni wa kukusanya kodi za wapangaji tu. Mpigie simu mwenye mali kwa namba uliyoipata kwa njia nyingine, si ile uliyopewa na mwakilishi huyo.

Dalali ana kazi yake halali ya kuwakutanisha watu wawili. Lakini ujira wake hupatikana mauzo yakitimia, kwa hiyo si yeye wa kukuambia kwamba mambo yote ni safi. Fedha za nyumba zisipitie mikononi mwake.

3. NYUMBA ZISIZO NA HATI

Nyumba nyingi katika miji yetu ziko katika maeneo ambayo hayajapimwa. Haiwezekani kumwambia mwanachama asinunue kamwe nyumba ya namna hiyo, maana mara nyingi ndiyo anayoimudu. Inampasa, hata hivyo, aelewe kwamba anachukua hatari kubwa zaidi, na bei na uchunguzi wake vilingane na hatari hiyo.

Katika maeneo ya mijini mauzo ya aina hii hufanyika kwa hati ya mauziano inayoshuhudiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ni ushahidi wenye manufaa, kwa kuwa mwenyekiti anawafahamu wakazi. Lakini muhuri wa mtaa hauthibitishi miliki. Unaonyesha tu kwamba watu fulani walikubaliana mbele ya kiongozi fulani siku fulani. Mwenyekiti hana daftari la viwanja kama lile la Msajili. Kwa hiyo mnunuzi aombe mlolongo wote wa mauziano: muuzaji alinunua kwa nani, na huyo wa kwanza alipata wapi. Aende na majirani wa pande zote nne hadi mipakani, wakubaliane kwa kauli, na majina yao yaingie katika mkataba. Kisha aulize katika ofisi ya ardhi ya halmashauri kama eneo hilo liko katika mpango wa urasimishaji, au limetengwa kwa shule, soko au barabara. Swali hili la mwisho husahauliwa na wengi, nalo ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote.

Mahali pengine mnunuzi huambiwa alipe sehemu ya bei kwa viongozi wa mtaa. Kabla ya kulipa chochote, aombe aonyeshwe sheria au sheria ndogo inayoruhusu ada hiyo, na adai stakabadhi ya serikali.

Kijijini utaratibu ni mwingine. Haki ya kimila haihamishwi kwa makubaliano ya watu wawili tu. Inahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, iliyotolewa katika kikao halali na kuandikwa katika muhtasari. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulitamka jambo hili tangu mwaka 1985: mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya kijiji hayana nguvu. Saini ya mwenyekiti au ya mtendaji peke yake haitoshi. Mnunuzi aombe nakala ya muhtasari wenye mahudhurio, na aiweke pamoja na mkataba wake.

4. MAHALI NYUMBA ILIPO

Nyumba mbovu inaweza kukarabatiwa, lakini mahali pabaya hapabadiliki. Mambo matatu yanafaa kupimwa kwa macho na kwa futi kamba.

La kwanza ni barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Nyumba nyingi zilizojengwa nje ya hifadhi ya zamani zilijikuta ndani ya mpaka mpya. Na mahali pengine hifadhi ni pana kuliko hapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, ili kupisha upanuzi wa barabara. Mnunuzi atazame kama ukuta una alama ya X, au kama alama hiyo imepakwa rangi juu yake. Akiwa na shaka, aulize katika ofisi ya wakala wa barabara.

La pili ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, na kutoka kingo za ziwa, mto au bwawa. Kando ya sheria kuna maumbile yenyewe. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40 na kuwaacha wengi wa bonde la Msimbazi bila makao. Baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang' na kuingia katika mji wa Katesh, watu wengi wakapoteza maisha. Nyumba ya bondeni huuzwa kwa bei nafuu wakati wa kiangazi. Iende ukaitazame tena masika, na uwaulize wazee wa hapo maji yalifika wapi katika mwaka wa mvua nyingi. Alama ya maji iliyobaki ukutani, au rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa goti tu, ni jibu tosha.

La tatu ni njia. Uliza kama gari linaweza kufika, na kama njia hiyo ni ya umma au ni fadhila ya jirani. Jirani akijenga ukuta kesho, mgonjwa na mzigo wa saruji vitapita wapi?

5. KULIKAGUA JENGO LENYEWE

Mwanachama asiyekuwa fundi na amlipe fundi mwashi mwaminifu, asiyehusiana na muuzaji wala dalali, aende naye kwa nusu siku. Mambo makubwa ya kutazamwa ni haya:

(a) Msingi na kuta. Ufa mwembamba wa lipu, kama uzi, ni jambo la kawaida. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au mlango na kupanuka unapopanda ni dalili kwamba msingi unatitia upande mmoja. Milango isiyofungika vizuri nayo ni dalili hiyo hiyo. Muuzaji akikubali, bandika kipande cha karatasi juu ya ufa kwa gundi na urudi baada ya wiki kadhaa. Ikichanika, ufa bado unatembea.

(b) Linta na mkanda wa zege. Uliza kama upo juu ya madirisha kuizunguka nyumba yote. Nyumba isiyo nao hupasuka upesi.

(c) Paa. Panda darini au chungulia. Gonga mbao za kenchi kwa nyundo. Mlio mfu na unga wa mbao ni kazi ya mchwa au ya wadudu wengine. Simama ndani mchana, milango ikiwa imefungwa, uhesabu matundu ya mwanga katika mabati.

(d) Unyevu. Chini ya ukuta, rangi inayobanduka na chumvi nyeupe huonyesha kwamba maji yanapanda kutoka ardhini kwa kuwa hakuna kizuizi cha unyevu katika msingi.

(e) Maji na choo. Fungua bomba mwenyewe. Kama kuna kisima, pima umbali wake kutoka shimo la choo, lako na la jirani. Usipungue mita 30, na kisima kiwe upande wa juu. Uliza shimo la maji taka liko wapi, lina ukubwa gani, na kama gari la kunyonya linaweza kulifikia.

(f) Umeme. Nyaya zilizoungwa kwa utepe na swichi zinazopata joto ni hatari ya moto. Tazama pia kama mita ina deni.

Kila kasoro iandikwe pamoja na makadirio ya gharama ya kuirekebisha. Orodha hiyo ndiyo silaha ya mnunuzi wakati wa kupatana bei.

6. HESABU ZA BEI NA MKOPO

Bei inayotajwa na muuzaji si gharama yote. Ongeza ada ya upekuzi, ujira wa wakili na wa fundi, uthamini ukihitajika, ushuru wa stempu ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, ada za uhamisho na usajili, na matengenezo ya lazima kabla ya kuhamia. Uliza viwango katika ofisi zinazohusika kabla ya kukubali bei, maana hubadilishwa na sheria za fedha za kila mwaka. Muuzaji kwa upande wake hudaiwa kodi itokanayo na faida ya mauzo, isipokuwa pale sheria inapomsamehe. Hilo linamhusu mnunuzi pia, kwa kuwa Msajili haandikishi uhamisho bila cheti cha mamlaka ya mapato. Yafaa mkataba utaje wazi nani atalipa nini.

Kishawishi kimoja ni cha kuandika bei ndogo katika mkataba ili kukwepa kodi. Mbali na kuwa ni kosa, mnunuzi anajidhuru mwenyewe: mauzo yakibatilika, atadai fedha zilizoandikwa, si zile alizotoa.

Kuhusu mkopo, jambo la kuuliza kwanza ni namna riba inavyokokotolewa. Tuchukue mfano. Mwanachama anakopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wa awali siku zote, atalipa shilingi 90,000 za riba kila mwezi hadi mwisho, yaani shilingi 3,240,000 kwa jumla. Kama riba inahesabiwa juu ya salio, huku akirejesha sehemu sawa ya mkopo kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni hiyo hiyo 90,000, lakini hupungua kila mwezi hadi kufikia shilingi 2,500 katika mwezi wa mwisho. Jumla yake ni shilingi 1,665,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 1,575,000, fedha zinazoweza kuezeka nyumba upya.

Mkulima ana jambo jingine la kupima. Marejesho ya kila mwezi yanamfaa mwenye mshahara wa kila mwezi. Mwenye kahawa, pamba au korosho hupata fedha kwa msimu, kwa hiyo aombe ratiba inayofuata msimu, na ajipimie kwa mwaka wa mavuno mabaya.

7. MKATABA NA MALIPO

Mkataba wa kuuza nyumba lazima uwe wa maandishi. Uandikwe na wakili wa mnunuzi, au walau usomwe naye, na utaje: majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote; ridhaa ya mwenzi; namba ya hati, kiwanja na kitalu, au mipaka na majirani wa pande nne; bei kwa tarakimu na kwa maneno; utaratibu wa malipo; tarehe ya kukabidhi nyumba ikiwa tupu; nani atalipa kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa, pamoja na madeni ya maji na umeme; na hatua zitakazofuata upande mmoja ukivunja ahadi. Kama kuna wapangaji, itajwe watatoka lini, au watabaki kwa masharti gani.

Fedha zilipwe kupitia benki, katika akaunti yenye jina lile lile lililo katika hati. Utaratibu wenye usalama ni kulipa kwa awamu: sehemu ndogo wakati wa kutia saini, sehemu kubwa baada ya nyaraka zote za uhamisho kutiwa saini, na salio baada ya uhamisho kuandikishwa. Muuzaji anayetaka fedha zote leo, taslimu, kwa sababu "yuko mwingine anayengoja", amwachie huyo mwingine.

Baada ya kutia saini mkataba wa nyumba yenye hati, mnunuzi anaweza kumwomba Msajili aweke zuio katika daftari, ili nyumba isiuzwe kwa mtu wa pili wakati uhamisho unashughulikiwa.

8. KUKAMILISHA UHAMISHO

Wanachama wengi hukomea hapa. Wamelipa, wamepewa hati yenye jina la mwenye nyumba wa zamani, nao huiweka sandukuni kwa miaka. Mkataba ambao haujaandikishwa ni makubaliano kati ya watu wawili, haujahamisha miliki. Muuzaji akifariki, warithi wake watakuta jina la baba yao bado liko katika daftari. Akidaiwa, mdai wake ataikuta nyumba hiyo kama mali yake. Shughulikia uhamisho mara moja, muuzaji akiwa hai na akiwa anapatikana.

Wakati wa kuandikisha, mume na mke walionunua kwa jasho lao wote wawili waandikishe majina yote mawili. Sheria ya Ardhi inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi. Jina likiwemo katika hati, mjane hana haja ya kuanza kuthibitisha mchango wake mbele ya ndugu wa marehemu.

Baada ya hapo, lipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka na uhifadhi stakabadhi. Kodi ya majengo imekuwa ikikusanywa katika ununuzi wa umeme tangu mwaka 2021. Mwenye mita zaidi ya moja katika jengo moja ahakikishe hatozwi mara mbili.

9. WAJIBU WA CHAMA NA KATIBU

Chama kinachokopesha kwa ajili ya nyumba kina sababu zote za kuwa makini kama mnunuzi mwenyewe. Kamati ya mikopo isipitishe ombi la namna hii kabla ya kuona majibu ya upekuzi, au muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji, pamoja na rasimu ya mkataba. Mkopo ulipwe kwa hundi au kwa uhamisho wa benki moja kwa moja kwa muuzaji, kwa awamu zilizotajwa. Nakala za nyaraka zote ziwekwe katika jalada la mkopaji. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari linalinda akiba za wote.

Chama chenyewe kinaponunua ofisi, ghala au nyumba ya mtumishi, uchunguzi ni huo huo, na yanaongezeka mambo mawili. Uamuzi uwe wa mkutano mkuu, ulioandikwa katika muhtasari, na kama fedha ni za mkopo, usizidi ukomo wa madeni uliowekwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Pili, chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria, kinaweza kumiliki mali kwa jina lake. Hati isiandikwe kwa jina la mwenyekiti, la katibu wala la mjumbe yeyote "kwa muda". Viongozi hubadilika na hufariki. Mali ya ushirika iliyo katika jina la mtu huwa ugomvi na watoto wake.

10. UGOMVI UKITOKEA

Mwenye mgogoro asingoje. Madai ya kurudishiwa ardhi hufungwa na ukomo wa miaka 12. Kijijini huanza katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu, hufuata. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa huenda Mahakama Kuu. Asiyekuwa na uwezo wa kumlipa wakili aulizie msaada wa kisheria katika ofisi ya wilaya.

Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya katika mkutano wa wanachama, hasa kabla ya malipo ya msimu kutolewa, na kubandika orodha ifuatayo katika ubao wa matangazo wa chama:

Je, nimeiona hati yenyewe, au mlolongo wote wa mauziano? Je, nimefanya upekuzi, au nimepata muhtasari wa kijiji? Je, mwenzi wa muuzaji, au warithi wote, wametia saini? Je, nimepima umbali kutoka barabarani na kutoka majini? Je, fundi wangu amelikagua jengo? Je, najua jumla ya gharama na jumla ya riba? Je, fedha zinapita benki? Je, uhamisho utaandikishwa lini, na kwa majina ya nani?

Mwanachama ambaye hajaweza kujibu maswali yote manane hayuko tayari kulipa. Na arudi nyumbani na fedha zake, aendelee kuuliza.